Hiyo Kelele Si Kawaida, na Giaboksi Haijakufa

Wasee, leo nitaudhi watu, na niko sawa na hilo.

Gari ya manual ikigonga "dung!" kila ukibadilisha gia, ukiuliza dere anakuambia ni kawaida. Ukiuliza jirani mwenye gari, kawaida pia, "si ni gari ya kitambo?" Ukiuliza fundi, ghafla si kawaida tena: giaboksi imekufa, leta elfu hamsini. Hao wote watatu hawajakuuliza swali hata moja. Hakuna aliyelala chini ya gari. Hakuna aliyefungua boneti. Sasa niambie, kati ya "kawaida" na elfu hamsini, hakuna kitu kinakaa hapo katikati?

Kipo. Kinaitwa kusikiliza. Na hatukifanyi, ndio maana tunaliwa.

Wacha niwape stori ya anko wangu, halafu mtaelewa mbona niko na hasira.

Anko ana pickup ya manual, ya kusukumwa na magurudumu ya nyuma. Saa tisa usiku anatoka kejani, anaenda Marikiti, anabeba viazi na vitunguu, na kabla jua litoke anazungukia akina mama wa vibanda Umoja, Komarock mpaka Kayole. Hiyo gari ndiyo imesomesha watoto wake, na nikiwa likizo mimi ndiye nilikuwa taniboi wake. Kwa hivyo hii si hadithi niliyoipata mahali. Nilikuwa kwa hiyo cabin.

Kelele ilianza mdogo mdogo. Akiachilia klachi kwa gia ya kwanza: dung. Baadaye ikawa pia akitoa mguu kwa mafuta. Dung. Gia ya pili, dung. Ya tatu, dung kidogo. Miezi ikaenda, akina mama wakaanza kumjua kwa sauti kabla taa zake zitokee kona. Walikuwa wanacheka, "huyo anakuja na ngoma yake." Anko naye anacheka. Kawaida.

Siku alipoamua kuipeleka kwa fundi, nilikuwa naye. Fundi aliingia kwa kiti cha dere, simu iko kwa sikio bado anaongea na mtu mwingine, akaendesha mita kama thelathini, akarudi. "Mzee, hii boksi imeenda. Iko moja imetoka Japani, nitakufanyia elfu arobaini na nane. Kazi, elfu saba." Ikawa hivyo. Kama dakika nne hivi, na maisha ya mtu yamekatwa bei.

Elfu hamsini na tano, Anko hakuwa nayo. Akachukua mkopo kwa chama, akaongezea na karo ya binamu yangu ya muhula uliofuata. Giaboksi ikafungwa Jumamosi. Usiku wa kuamkia Jumatatu, saa tisa, tuko kwa cabin, baridi imetushika. Anko anaweka gia ya kwanza. Anaachilia klachi.

Dung.

Hakuna aliyeongea mpaka Marikiti.

Tulirudi kwa fundi. Unajua alisema nini? "Ah, basi ni difu. Elfu thelathini." Hata hakuona aibu. Hapo ndipo nilimwambia, "Anko, tutoke hapa."

Jamaa anayetuuzia tairi akatuelekeza kwa mzee mmoja. Huyo mzee hakushika spana. Alituketisha kwa benchi akaanza kutuuliza kama daktari. Inagonga ukianza kuondoka ama ukiwa mwendoni? Inagonga gia zote ama moja tu? Ukiwa umekanyaga mafuta ama ukiyaachilia? Unasikia ikitoka chini ya miguu yako ama nyuma? Ukikata kona inabadilika? Ikiwa na mzigo ni zaidi? Ukiingia revasi inagonga ama inasaga?

Ni hayo maswali tu yalikuwa yakikosekana kwa elfu hamsini na tano.

Halafu akaomba Anko aketi kwa usukani, akanyage breki, avute handibreki, awashe injini, aweke gia ya kwanza na aachilie klachi polepole mpaka gari itake kwenda. Mzee amesimama kando, si mbele. Akatuonyesha: giaboksi inaruka kama mtu ameshtuliwa usingizini. Raba inayoibeba ilikuwa imekatika vipande viwili. Baadaye akazima injini, akaweka mawe kwa magurudumu, akaingia chini, akashika shafti kwa mikono miwili akaizungusha huku na huku. Ile krosi ya nyuma ilikuwa imelegea, na kando yake kuna vumbi jekundu la kutu.

Raba, krosi na kazi: elfu sita na mia mbili. Tulitoka hapo gari imenyamaza kama imetubu.

Fanyeni hesabu wenyewe. Elfu sita na mia mbili ndiyo ilikuwa dawa. Elfu hamsini na tano ilikuwa bei ya kubahatisha. Binamu yangu alirudishwa nyumbani wiki mbili kwa sababu ya karo. Na Anko alipouliza giaboksi yake ya kwanza iko wapi, ile ambayo haikuwa na shida yoyote, akaambiwa ilienda na mtu wa vyuma kuukuu. Sina ushahidi wa ilikoenda. Lakini hebu jiulize, giaboksi nzima inayofanya kazi, nani anaiuza kwa kilo?

Sasa tuongee gari kidogo, kwa sababu ukijua hiki kitu ni vigumu mtu kukuosha.

Kwanza, kugonga na kusaga ni vitu viwili tofauti. Shika hapo. Ukichanganya hizo sauti ukienda kwa fundi, umempa ruhusa achague ile yenye pesa nyingi.

Kugonga ni chuma au raba iliyo na nafasi isiyofaa. Injini haijafungwa kwa bodi chuma kwa chuma. Imekalia raba, ambazo mafundi wanaziita mauntini. Ukiachilia klachi, nguvu inaingia ghafla na injini inataka kujipinda upande mmoja. Ukitoa mguu kwa mafuta, inataka kurudi upande mwingine. Kazi ya raba ni kumeza huo mtikisiko. Raba ikikauka, ikilowa oili ama ikikatika, injini na giaboksi zinagonga bodi. Ndiyo hiyo dung ya mwanzo na ya kuachilia. Giaboksi yenyewe ndani iko sawa kabisa.

Kwa gari za kusukumwa nyuma, kuna shafti ndefu inatoka kwa giaboksi mpaka kwa difu, na kwa viungo vyake kuna zile krosi, vyuma vyenye umbo la msalaba. Zikiisha, zinakuwa na mchezo. Nguvu ikibadilika, kwanza inamaliza ule mchezo, halafu chuma inapiga chuma. Difu pia meno yake yakiisha inaleta sauti hiyo hiyo. Kwa gari ndogo za kuvutwa na magurudumu ya mbele hiyo shafti ndefu hakuna, kuna ekseli mbili fupi za mbele. Kiungo chake cha nje kikiisha unasikia "tak tak tak" ukikata kona kali. Cha ndani kikiisha, ndipo unasikia kugonga ukikanyaga na kuachilia mafuta.

Kusaga ni stori ingine. "Krrrr" ukiingiza gia inamaanisha vitu viwili ndani vinazunguka kwa kasi tofauti na unavilazimisha kushikana. Inaweza kuwa klachi haiachilii vizuri: hewa imeingia kwa laini, majimaji yake yanavuja, ama kebo imelegea. Hiyo nayo si giaboksi. Inaweza kuwa pete za sinkro zimeisha, na hapo sasa ndipo giaboksi inafunguliwa kwa haki. Mara nyingi pete zikiisha utasikia kwa gia moja tu, tuseme ya pili, si zote.

Hizo pete zina historia. Zamani dere alikuwa anakanyaga klachi mara mbili kwa kila gia, na bado anasikiliza injini ndiyo alinganishe kasi. Mwaka 1928 Cadillac wakaleta gari zenye sinkro, na kazi ya kulinganisha ikaanza kufanywa na giaboksi yenyewe. Lakini mpaka leo, gari nyingi za manual hazina sinkro kwa revasi. Kwa hivyo ukikanyaga klachi na kurusha revasi hapo hapo, ama gari bado inatembea mbele, itasaga hata kama imetoka dukani leo. Simama kabisa, kanyaga klachi, hesabu mbili, halafu ingiza. Kuna watu wameambiwa wafungue giaboksi kwa sababu ya hizo sekunde mbili.

Na oili. Aki, oili. Giaboksi ina oili yake, na si ya injini mpaka kitabu cha gari kiseme hivyo. Giaboksi nyingi zenye pete za shaba zinataka daraja la GL-4. Mtu anaweka GL-5 ya difu kwa sababu "ni nzito na ni poa zaidi," lakini dawa zilizo ndani ya hiyo oili zinaweza kula hiyo shaba, na utelezi wake unafanya pete zisishike vizuri. Halafu gari inaanza kusaga, unaambiwa boksi ni mbaya. Soma kitabu. Ukikosa, kiko mtandaoni bure.

Nikiwa mkweli, kuna sauti ndogo ambayo kweli ni kawaida. Meno ya gia lazima yawe na nafasi kidogo katikati, ndiyo oili ipite na chuma ipate mahali pa kupanuka ikishika moto. Kwa hivyo ka-"tik" kadogo hakapaswi kukunyima usingizi. Lakini sauti inayokua kila wiki si kawaida. Sauti unayoisikia kwa makalio si kawaida. Sauti ambayo mama mboga anaijua kabla akuone, buda, hiyo si kawaida!

Najua mtakachosema. Nawajua.

Wa kwanza: "Si auze hiyo kitu anunue automatic?" Wewe ukiongea hivyo najua chakula chako unakikuta kwa sahani tu. Hizo viazi zako za chips zimekuja na lori ya manual, zikashushwa kwa pickup ya manual. Ma-mathree mengi unayopanda ni manual. Na kwa taarifa yako, automatic ina mauntini, ina ekseli, na nyingi zina krosi pia. Ukiweka D ikagonga dung, utatoa pesa ya giaboksi ya automatic, na hiyo usiombe.

Wa pili: "Bora inasonga." Haya. Hiyo krosi ya Anko ingekatika kabisa siku moja, shafti ingedondoka. Ikidondokea upande wa mbele, inaweza kuchimba barabara gari ikiwa mwendoni. Sasa weka hiyo kwa mathree yenye watu kumi na nne. Mimi nimepanda moja wiki hii, kila gia sakafu inaruka chini ya viatu vyangu. Msee mmoja nyuma akauliza, "Dere, hii ni nini?" Makanga akafanya nini? Akaongeza muziki! Na sisi wote tukatulia, tukarudi kwa simu zetu. Hiyo ndiyo "kawaida" ninayoiongelea. Tunazimiwa masikio na tunatingisha kichwa na beat.

Wa tatu, na huyu nampea heshima: "Unachafulia mafundi wa jua kali jina. Hao pia wanatafuta unga." Kweli. Na hapa ndipo nitawageukia nyinyi na mimi mwenyewe, kwa sababu yule fundi wa kwanza hakujiumba. Sisi ndio tulimuumba.

Sikiza. Yule mzee alipomaliza kuuliza maswali na kuangalia chini ya gari, alisema kupima ni mia tano, hata kama hatutatengenezea kwake. Unajua Anko alikuwa karibu akatae? Mtu ametoka kulipa elfu hamsini na tano kwa kitu bure, na anaona mia tano ya kuambiwa ukweli ni wizi! Na sote tuko hivyo. Fundi akituambia "hakuna kitu cha kubadilisha, ni bolti tu imelegea, nimekaza," tunamwambia asante boss, Mungu akubariki, na tunaondoka. Akitutolea spea kwa boksi mpya, tunalipa bila swali, kwa sababu tumeona kitu.

Tunalipa mikono, hatulipi masikio. Sasa fundi ambaye anajua kusikiliza atakula nini? Njia pekee ya kulipwa kwa kazi yake ni kubadilisha kitu, na kitu kikubwa kina faida kubwa. Mwaka mmoja, miwili, hata yule aliyeanza akiwa mkweli anajifunza kwamba ukweli haulipi kodi ya nyumba. Halafu tunakuja hapa kulia ati mafundi ni wezi. Wengine ni wezi, ndiyo. Lakini wengine tumewalipa mpaka wakawa.

Na kuna wale wanaotutoa shule za udereva. Mimi nilijifunza gari kwa kusukuma kigari kidogo kwa ubao wa barabara juu ya meza. Ingia raundabauti, toka, egesha, umepita. Kwa gari yenyewe nikafunzwa nisizime injini kwa mlima. Siku moja hakuna mtu aliwahi kuniambia klachi inafanya nini ndani. Hakuna aliyeniambia kwamba ukiegemeza mkono kwa kijiti cha gia safari nzima, uzito unashuka mpaka kwa uma zinazosukuma gia ndani na unazila polepole. Hakuna aliyeniambia kuacha mguu kwa klachi kunaimaliza. Tunapewa leseni ya kugeuza usukani, halafu tunatumwa kwa dunia ya watu wanaojua hatujui.

Kwa hivyo hivi ndivyo nataka, na sitaki mnipe "facts bro" halafu mpite.

Gari ya mzazi wako, ya anko, ya boss, ama yako, ikianza kugonga, zima redio siku mbili. Andika kwa simu: inagonga lini, gia gani, ukikanyaga ama ukiachilia, ukiwa na mzigo ama bila, mbele ama nyuma. Rekodi hiyo sauti kama una mtu wa kukushikia simu. Ukifika kwa fundi, usimwambie "naona ni giaboksi." Mwambie ulichosikia, unyamaze.

Fundi akitaja spea kabla aulize swali, ondoka. Kwa heshima, "asante fundi, nitarudi," lakini ondoka. Fundi akikuuliza maswali na akaingia chini, mlipe kwa kukuangalilia, hata kama amesema hakuna shida. Hasa kama amesema hakuna shida.

Na kitu kikibadilishwa, ichukue ile ya zamani uende nayo. Ni yako, uliinunua. Weka chini ya kitanda kama hutaki kuiuza. Fundi anayejua utaondoka na spea yako ya zamani atafikiria mara mbili kabla aseme imekufa.

Kwa mathree, kama sakafu inaruka, uliza. Wa pili aunge mkono, na wa tatu. Makanga anaweza kuzima abiria mmoja na muziki. Watu kumi na nne wakisema "dere, simamisha tushuke," muziki utazimwa.

Anko bado analipa chama. Amebakisha miezi mitatu. Siku hizi nikipanda naye hawashi redio kabisa mpaka tufike Marikiti, na akisikia kitu kidogo ananiangalia, ananiuliza, "Umeisikia hiyo?" Mara nyingi ni jiwe tu limeruka chini ya gari. Mimi hujibu, "Nimeisikia, Anko."